Nani Atapanda Garini? Kumsindikiza Msomi wa Kwanza wa Familia Kutoka Katavi



Sura ya 8 ya Matendo ya Mitume inatusimulia habari za mtu aliyekuwa na karibu kila kitu. Alikuwa mkuu wa hazina ya malkia wa Waethiopia. Alikuwa na gari la safari, alijua kusoma, na kitabu cha nabii Isaya kilikuwa mikononi mwake. Filipo alipomkimbilia na kumwuliza kama anayaelewa anayoyasoma, mtu yule hakuona haya. Alikiri kwamba hawezi kuelewa bila mtu wa kumwongoza, akamwomba Filipo apande aketi pamoja naye.

Kila mwaka, kuelekea mwezi wa Oktoba, vijana kutoka Mpanda, Nsimbo, Mpimbwe, Mlele na Tanganyika wanasafiri kwenda vyuoni wakiwa katika hali kama ile. Wengine wanapanda treni inayopita Kaliua hadi Tabora, wengine basi. Akili wanazo, kwa maana wamefaulu kidato cha sita. Barua ya udahili wanayo, na baadhi yao wamepata mkopo. Wanachokosa ni mtu wa kwao aliyekwisha kuipita njia ile, awaambie mbele kuna nini. Makala hii inaeleza ugumu wanaoupata vijana hao, na jinsi vyuo, parokia na jumuiya zetu zinavyoweza kupanda garini pamoja nao.

Msomi wa kwanza ni nani?

Nchini Marekani jambo hili lina jina rasmi. Wanaitwa wanafunzi wa kizazi cha kwanza, yaani wale ambao mzazi wao hakupata shahada. Sheria ya Elimu ya Juu iliyotiwa saini nchini humo tarehe 8 Novemba 1965 ilisaidia kujenga mipango ya serikali ya kuwasaidia wanafunzi wa namna hiyo: kuwafundisha ziada, kuwashauri na kuwaongoza kabla ya chuo na wakiwa chuoni. Msingi wake ulikuwa kutambua kwamba kumfungulia kijana maskini mlango wa chuo hakutoshi, kwa sababu ndani ya mlango kuna mambo mengi ambayo hayajaandikwa popote.

Kwetu Katavi maana yake inakwenda mbali zaidi. Msomi wa kwanza mara nyingi ni wa kwanza katika ukoo mzima, pengine hata katika kitongoji. Mtoto wa mwalimu au wa daktari anapokwama chuoni hupiga simu nyumbani, na baba yake humwambia, "Nenda kamwone mshauri wa wanafunzi, mweleze hivi na hivi." Mtoto wa mkulima wa mpunga wa Mpimbwe naye akipiga simu ataambiwa, "Mwanangu, soma kwa bidii, Mungu yupo." Maneno hayo ni ya upendo na ni ya kweli, lakini hayamwambii aingie ofisi ipi.

Kwa nini tulitazame jambo hili sasa

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Kwa miaka kumi tu mkoa umeongezeka zaidi ya mara mbili, na sehemu kubwa ya watu hao ni watoto na vijana.

Wakati huohuo milango imefunguliwa. Kuanzia Januari 2016 ada iliondolewa katika shule za sekondari za serikali hadi kidato cha nne, na kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023 ikaondolewa kidato cha tano na cha sita. Elimu ya juu nayo imesogea karibu: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina Kampasi ya Mizengo Pinda huko Mpimbwe, ambako miongoni mwa masomo yanayofundishwa ni ufugaji nyuki, kazi ambayo watu wa Katavi wameijua tangu mababu.

Kwa hiyo idadi ya wasomi wa kwanza itaendelea kukua. Tukingoja hadi waanze kurudi nyumbani bila shahada ndipo tuulize kulikoni, tutakuwa tumechelewa.

Mahali pa kwanza pa kujikwaa: karatasi

Wengi hudhani kijana anashindwa chuoni kwa sababu masomo ni magumu. Lakini wapo wanaojikwaa kabla hata ya kufika, kati ya mtihani wa kidato cha sita na siku ya kufungua chuo. Katika miezi hiyo michache kijana anatakiwa kuomba udahili moja kwa moja kwa vyuo kupitia mtandao. Akichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, anatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa, ndani ya siku zilizotangazwa. Papo hapo anatakiwa kuomba mkopo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004.

Maombi ya mkopo yanahitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na cheti cha kifo kama mzazi amefariki. Yanahitaji mdhamini, sahihi na muhuri wa kiongozi wa serikali ya kijiji au mtaa, na uthibitisho wa wakili au hakimu. Kisha fomu hurudishwa kwenye mtandao kabla dirisha halijafungwa.

Sasa tumfikirie kijana anayeishi kijiji cha mbali, simu yake haina intaneti ya uhakika, na wakili wa karibu yuko Mpanda mjini. Hana cheti cha kuzaliwa kwa sababu alizaliwa nyumbani. Jina lake kwenye cheti cha kidato cha nne limeandikwa kwa herufi tofauti na lile analotumia baba yake. Kila dosari kati ya hizo ina dawa, lakini kila dawa inataka siku kadhaa na nauli. Asiyeambiwa mapema atagundua dosari zote kwa pamoja, wiki ya mwisho.

Hapa parokia ina kitu ambacho pengine haikijui thamani yake. Cheti cha ubatizo ni kati ya vielelezo vinavyoweza kumsaidia mtu aliyechelewa kuandikishwa apate cheti cha kuzaliwa. Daftari la ubatizo lililotunzwa vizuri na katekista wa kigango linaweza kuwa ndilo linalompeleka kijana chuo kikuu.

Tuwakumbuke pia majirani zetu wa Katumba na Mishamo. Hizo zilikuwa makazi ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972, na mwaka 2014 serikali ilianza kuwakabidhi wengi wao vyeti vya uraia wa Tanzania. Mkopo hutolewa kwa raia. Kwa mtoto wa familia hizo, cheti cha uraia cha mzazi ni hati ya kutunzwa vizuri, nakala zake ziwekwe mahali salama kabla haijahitajika kwa haraka.

Mahali pa pili: lugha ya chuo

Kijana akifika chuoni anakutana na lugha mbili mpya kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni Kiingereza cha mhadhara, ambacho mwalimu hakirudii. Ya pili ni lugha ya wanafunzi wenyewe. Kuna *sapu*, mtihani wa marudio kwa aliyefeli somo. Kuna *kukeri*, kulibeba somo ulilofeli hadi mwaka unaofuata. Kuna *kudisko*, kuondolewa chuoni kwa sababu ya alama. Maneno haya huzungumzwa kwa utani, na mgeni huyacheka pamoja na wenzake bila kujua kwamba nyuma ya kila neno kuna kanuni iliyoandikwa.

Mfano ni huu. Katika vyuo vingi alama za mtihani wa mwisho huunganishwa na alama za mazoezi na majaribio ya muhula, na hizi za muhula zinaweza kufika 40 kati ya 100. Kijana aliyezoea shule, ambako mtihani wa taifa ndio unaoamua karibu yote, anaweza kuyapuuza majaribio ya wiki ya tano akingoja kukaza buti mwishoni. Mwishoni anakuta alama zinazotakiwa hazipatikani tena hata akikesha. Tungekosea tukimwita mvivu, kwa sababu anacheza kwa kanuni za mchezo aliotoka kuucheza jana.

Mahali pa tatu: bumu

Wanafunzi huuita mgawo wa fedha za kujikimu *bumu*. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 fedha ya chakula na malazi kwa mwenye mkopo imekuwa shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500. Zikija za siku 60 kwa mara moja, ni shilingi 600,000. Kwa kijana ambaye nyumbani kwao fedha huonekana wakati wa kuuza tumbaku au mpunga, hiyo ni fedha nyingi sana kuishika akiwa peke yake, mjini, akiwa na miaka 20.

Vishawishi vinajulikana: simu mpya, kubeti, mavazi. Lakini msomi wa kwanza ana mzigo mwingine ambao mtoto wa mwenye nacho hana. Nyumbani wanajua "mtoto wetu yuko chuo, serikali inampa fedha." Mdogo wake anahitaji sare. Mama anaumwa. Anatuma 100,000, kisha 50,000, kwa sababu ana moyo na kwa sababu amelelewa vizuri. Wiki ya sita anashinda njaa, na anaona haya kusema. Anayempa ushauri wa "usitume fedha nyumbani" hamwelewi. Kinachofaa ni mtu kukaa na wazazi kabla kijana hajaondoka na kuwaeleza kwamba fedha ile ni chakula cha siku 60, kwamba ni deni litakalokatwa kwenye mshahara wake baadaye, na kwamba mwaka wa kwanza msaada mkubwa wanaoweza kumpa ni kutomwomba.

Mahali pa nne: kimya

Kijana wa aina hii akifeli somo la kwanza hamwambii mtu. Nyumbani walifanya sherehe, parokiani alitangazwa baada ya Misa, na jina lake sasa ni mfano kwa watoto wa jumuiya. Atawaambiaje? Anajifungia. Anaanza kuamini kwamba mahali pale si pake, kwamba wenzake wote wanaelewa isipokuwa yeye. Pengine aliyeketi upande wake wa kulia anawaza vivyo hivyo.

Juu ya hili kuna utafiti unaofaa kujulikana. Mwaka 2014 Nicole Stephens na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya jaribio jepesi. Wanafunzi wapya walikaa takriban saa moja wakiwasikiliza wanafunzi wa miaka ya juu wakisimulia maisha yao ya chuo. Kundi moja lilisikia masimulizi ya kawaida. Kundi la pili lilisikia wasimulizi wakieleza wazi jinsi hali ya familia walizotoka ilivyowaletea ugumu fulani na pia nguvu fulani, na walivyopata msaada. Mwisho wa mwaka, katika kundi la pili, pengo la alama kati ya wasomi wa kwanza na wenzao lilikuwa limepungua kwa asilimia 63. Wasomi wa kwanza wa kundi hilo walikuwa pia wametafuta msaada chuoni zaidi. Hakuna aliyepewa fedha wala darasa la ziada. Walisikia ushuhuda wa mtu aliyefanana nao.

Sisi Wakristo hatupaswi kushangaa. Imani yenyewe imetufikia kwa njia hiyohiyo.

Waseminari tumesindikizwa

Hapa inafaa tujitazame. Wengi wetu tulio seminarini ni wasomi wa kwanza katika familia zetu. Tunasoma falsafa na teolojia kwa lugha ambayo bibi zetu hawaijui. Kwa nini wengi wetu tunafika mwisho wa mwaka salama? Akili zetu hazizidi za wale tuliosoma nao kidato cha sita. Sisi tuna gombera anayetujua kwa majina, tuna mlezi wa kiroho, tuna ratiba na kengele, tuna jimbo linalouliza habari zetu. Likizo tunapokewa na paroko, na anayesuasua huitwa na kuulizwa kabla mambo hayajaharibika.

Mwenzetu aliyekaa nasi dawati moja, akaenda kusomea uhasibu au uuguzi, hana hata kimoja kati ya hivyo. Alibarikiwa siku moja, akapewa bahasha, akaaga. Naye pia ana wito. Kanisa la Katavi litamhitaji awe mwalimu, mganga, mwanasheria na mzazi. Usione vyaelea, vimeundwa: kama upadre unaundwa kwa kusindikizwa, hata taaluma ya mlei inaundwa hivyo.

Historia ya Karema, ambako wamisionari walifika mwaka 1885, inatufundisha hilo. Adriano Atiman alizaliwa mbali sana na Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alitekwa na kuuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika. Wangeweza kuishia kumkomboa. Badala yake walimlea, wakampeleka Malta kusomea udaktari. Mwaka 1889 alifika Karema akiwa daktari na katekista, akawatibu watu wa mwambao ule hadi alipofariki mwaka 1956. Tunapomsifu Atiman tukumbuke pia miaka ile kabla ya 1889, ambapo watu fulani hawakumwachia njiani.

Mambo yanayoweza kufanyika

*Parokiani.* Kila mwaka, kabla dirisha la mikopo halijafunguliwa, parokia iweke meza ya fomu. Inatosha kuwa na kompyuta moja, intaneti, printa, na vijana wawili walio likizo ambao wamekwisha kujaza fomu hizo. Waumini ambao ni mawakili au mahakimu waombwe kujitolea siku moja. Kazi ya vyeti ianze mapema zaidi, mwanafunzi akiwa kidato cha tano: jina likaguliwe, cheti cha kuzaliwa kitafutwe, namba ya NIDA ifuatiliwe.

*Kwa wazazi.* Kabla ya safari, jumuiya ndogo ndogo iwaite wazazi na kijana wao. Aliyesoma aeleze chuo ni nini, muhula ni nini, bumu ni nini, na kwamba kurudia somo si aibu wala si mwisho. Mzazi asiyejua kusoma bado anaweza kuwa nguzo ya msomi, akijua mambo ya kuuliza.

*Chuoni.* Wiki ya utambulisho isiwe ya hotuba tu. Wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu waliotoka familia za namna hiyo wapewe nafasi ya kusimulia, pamoja na kufeli kwao. Kila mpya apewe kaka au dada wa chuo, atakayemwonyesha ofisi ya mshauri wa wanafunzi kwa kumpeleka kwa miguu, siyo kwa kumwelekeza kwa kidole. Vyama vya TMCS vina nafasi ya pekee. Mwanafunzi anayefika Misa ya kwanza akakuta watu wa kwao ana uwezekano mkubwa wa kusema "nimekwama" kabla ya wiki ya mitihani. Vyuo vya Kanisa, kama Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kilichoanzishwa Mwanza mwaka 1998, vina sababu ya kuwa mfano katika hili, lakini TMCS iko hata katika vyuo vya umma.

*Baada ya muhula wa kwanza.* Kijana akirudi likizo, paroko au mlezi wa vijana amwulize faraghani maswali matatu: Umekula? Umefaulu masomo yapi, na yapi yamekushinda? Nani chuoni anakujua kwa jina? La tatu ndilo la kulisikiliza zaidi.

Tahadhari mbili

Kwanza, kumsindikiza mtu kunaweza kugeuka kummiliki. Mfadhili anayemkumbusha kijana kila siku nani alimlipia nauli anamfunga. Hatari inakuwa kubwa zaidi kwa mabinti. Asiyejua kanuni za chuo anaweza kuaminishwa kwamba alama hupatikana kwa kumridhisha mwalimu. Aambiwe kabla hajaondoka: rushwa ya ngono ni kosa la jinai, limetajwa katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU hupokea taarifa bila malipo kwa namba 113. Nasi tunaosindikiza tufanye kazi hiyo kwa vikundi na mahali pa wazi, tusimwache binti mikononi mwa mkubwa mmoja.

Pili, tusimfanye kijana kuwa mtu wa kuhurumiwa. Msomi wa kwanza anakuja chuoni na mali yake: amezoea kazi, anajua kuishi na kidogo, amelea wadogo zake, na wengi wanasema lugha tatu. Chuo kinachomsaidia vizuri humwonyesha kwamba hayo nayo ni elimu.

Hitimisho

Turudi barabarani, kwa Filipo. Baada ya kumfafanulia yule Mwethiopia Maandiko na kumbatiza, Filipo alichukuliwa na Roho wa Bwana, wala yule mtu hakumwona tena. Maandiko hayasemi kwamba alihuzunika. Yanasema alikwenda zake akifurahi. Hakumhitaji tena wa kumsomea, na bila shaka huko kwao walikuwapo wengine waliosubiri kusomewa.

Hilo ndilo lengo la mipango yote tuliyoieleza. Binti wa kwanza kutoka kitongoji fulani cha Tanganyika akihitimu, wa pili hatakuwa wa kwanza tena. Atakuwa na dada wa kumpigia simu. Mwaka huu, kabla ya Oktoba, kila mmoja wetu aulize katika jumuiya yake: nani anakwenda chuo, na nani wa familia yake amewahi kufika huko? Kama jibu ni "hakuna," basi gari liko barabarani, na kiti cha pembeni kiko wazi.